Je, Wajua? Majitu ya Chuma na Kesho ya Zamani

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa kama mita 2.5 na uzito wake kama kilo 500, yaani zaidi ya magunia matano ya ndengu. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikuja kuichukua, likaeleza kwamba ni kipande cha roketi, pete inayotenganisha sehemu moja ya roketi na nyingine. Kwa kawaida pete kama hiyo huungua inaporudi hewani, au huishia baharini. Hii ilikuja kutua Ukambani, na tumshukuru Mungu haikumpata mtu.

Mtunzi yeyote wa michezo ya video angeitamani picha hiyo: kijiji kilichozoea mbuzi na mbaazi, na katikati yake chuma kisicho na mwenyewe. Kuna ukoo mzima wa gemu unaoishi kwa picha za namna hiyo. Mchezaji huingia ndani ya jitu la chuma lenye miguu, akalivaa kama koti na kwenda nalo vitani. Jitu lenyewe halina ung'avu wa vyombo vya leo. Lina ribiti, mabomba, moshi na kutu, kana kwamba mtu wa mwaka 1920 aliombwa achore dunia ya wajukuu wake. Wajapani huyaita majitu hayo meka. Mtindo wenyewe mimi nauita kesho ya zamani.

Vijana wetu hapa Mwingi wanazijua gemu hizi, wengine kwa simu, wengine kwa kulipia muda kibandani. Wasichoambiwa ni mahali ambapo watunzi walichota mawazo yao. Nimelifuatilia jambo hili kwa mapenzi, na nimegundua kwamba baadhi ya visima vyao viko karibu na kwetu mno.

Je, wajua kwamba roboti yenye dereva ndani ilizaliwa kwenye msongamano wa magari?

Mwaka 1956 mchoraji wa Kijapani Mitsuteru Yokoyama alianza kuchora hadithi ya Tetsujin 28, roboti kubwa iliyoongozwa na mvulana kwa rimoti. Mvulana alisimama pembeni, roboti ikapigana. Kisha akaja Go Nagai. Alisimulia kwamba siku moja, mbele ya foleni ya magari yasiyosogea, aliwaza gari linaota mikono na miguu na kuyaruka yote yaliyo mbele yake. Kutokana na wazo hilo ilitoka Mazinger Z ya mwaka 1972, ambamo kijana huingia kichwani mwa roboti na kuiendesha kama gari. Aliyewahi kukwama ndani ya matatu ya Mwingi kwenye Barabara ya Thika, saa kumi na mbili jioni, hahitaji kuelezwa zaidi.

Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililofungua mlango. Ukisimama nje, unaamuru mashine. Ukikaa ndani, kila pigo linaloipata linakupata nawe. Gemu zote za meka zimejengwa juu ya hisia hiyo ya pili: kiti kinatikisika, kioo kinapasuka, mlio wa hatari unalia sikioni mwako.

Mwaka 1979 Yoshiyuki Tomino aliongeza jambo jingine kupitia katuni ya televisheni Gundam. Roboti yake ni chombo cha jeshi: huharibika, huishiwa silaha, huhitaji fundi. Watazamaji wa mwanzo walikuwa wachache hata vipindi 52 vilivyopangwa vikapunguzwa kuwa 43. Kilichoiokoa ni vikaragosi vya plastiki vya kuunganisha kwa mkono, ambavyo kampuni ya Bandai ilianza kuviuza mwaka 1980. Watoto walipoishika roboti mikononi mwao, ndipo walipoipenda.

Je, wajua kwamba roboti maana yake ni mtu wa shokoa?

Neno hili lilitoka katika tamthilia R.U.R. ya Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920. Aliyempa neno ni nduguye Josef, mchoraji, akilichukua kutoka robota, jina la Kicheki la kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi bila malipo. Kazi ya namna hiyo Waswahili wa pwani waliiita shokoa. Miaka hiyohiyo wanaume wa Kikamba, pamoja na Waafrika wengine wa Kenya, walikuwa wameanza kuvalishwa kipande shingoni, karatasi iliyofungiwa ndani ya kikebe cha chuma, ili serikali na mwajiri wajue kila mmoja yuko wapi. Katika tamthilia ya Čapek, roboti huasi.

Je, wajua kwamba Jules Verne alianzia Unguja?

Kitabu chake cha kwanza cha safari za ajabu, cha mwaka 1863, kinamhusu Daktari Fergusson na wenzake wawili wanaopaa kwa puto kutoka Zanzibar na kulivuka bara la Afrika hadi Senegal. Verne mwenyewe hakuwahi kukanyaga huku. Alisoma taarifa za wasafiri kama Burton na Speke, waliokuwa wameondoka Unguja kwenda bara mwaka 1857, na mengine akayajaza kwa akili yake. Kwa hiyo mwandishi ambaye wapenzi wa kesho ya zamani humhesabu kuwa babu yao alirusha chombo chake cha kwanza kutoka kisiwa cha Waswahili.

Lakini kwa upande wa majitu yanayotembea, kitabu cha Verne kinachonivutia zaidi ni kile cha mwaka 1880. Humo kuna tembo wa chuma anayekwenda kwa mvuke katika barabara za India, akikokota nyumba mbili zenye magurudumu, moshi ukitoka kwenye mkonga wake. Verne angeweza kubuni umbo lisilofanana na chochote. Akachagua mnyama ambaye msomaji wake angemtambua hata kwa mbali. Kumbuka hilo, kwa sababu litarudi.

Miaka hiyo tembo wa kweli walikuwa wakiisha Ukambani. Misafara ya Wakamba ilikuwa imepeleka pembe Mombasa kwa vizazi kadhaa, na mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote, Kivoi, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849.

Je, wajua kwamba mashine maarufu kuliko zote za miguu mitatu ilifananishwa na kigoda?

Mwaka 1898 H. G. Wells alitoa kitabu chake cha watu wa sayari ya Mars wanaoivamia Uingereza. Wamepanda mashine ndefu kuliko nyumba, zenye miguu mitatu, zinazochoma kila kilicho mbele yao. Karibu kila jitu la chuma unaloliona leo kwenye kioo cha gemu lina damu ya mashine zile. Wells alipofika mahali pa kueleza mwendo wake, alikwama kama ambavyo mwandishi yeyote angekwama, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona kitu cha namna ile. Basi akamwomba msomaji awazie kigoda cha kukalia mtu anayekamua ng'ombe, kigoda kilichoinamishwa na kuvurumishwa ardhini kwa nguvu.

Nilipopasoma hapo niliweka kitabu chini. Nyumbani kwetu kulikuwa na kigoda cha mzee, cha miguu mitatu, kilichochongwa kutoka gogo moja. Vigoda vya Kikamba vya namna hiyo vilisifika kwa nakshi ya waya: fundi hutia waya mwembamba wa shaba ndani ya mti, akauzungusha duara ndani ya duara hadi kiti chote king'ae. Mtoto hakukikalia. Kilikuwa na heshima yake, na kikisimama peke yake uani jioni, kivuli chake kilirefuka hadi kufika ukutani. Miguu mitatu, mwili wa mviringo, waya unaometameta. Kama kuna mchoraji wa gemu anayenisikia, hiyo ni mashine iliyokwisha kuchorwa, inangoja kukuzwa tu.

Kuna jambo zito zaidi katika kitabu kile. Wells alilipata wazo lake katika mazungumzo na kaka yake Frank kuhusu wenyeji wa kisiwa cha Tasmania, ambao karibu wote waliangamia baada ya Waingereza kuingia. Aliuliza: ingekuwaje kama lingetupata sisi? Tasmania inatajwa waziwazi katika sura ya kwanza. Jitu la chuma la gemu zetu, basi, lilizaliwa kama picha ya ukoloni uliogeuziwa London. Na mwaka uleule wa 1898, ambapo wasomaji wa London walikuwa wakitetemeka kwa mashine za kubuni, mashine ya kweli ilikuwa ikikata nyika ya Tsavo kuelekea Kibwezi na Makindu. Mei 1899 reli ilikuwa Nairobi. Wakamba hawakuhitaji kubuniwa uvamizi. Waliusikia ukipiga honi.

Je, wajua kwamba treni hiyo ilikuwa imekwisha kusimuliwa kabla ya kufika?

Hapa nitakaa kidogo. Masimulizi ya Wakamba yanamtaja Syokimau, mtabiri mwanamke wa milima ya Iveti, Machakos, aliyeishi katika karne ya 19. Alisema atakuja nyoka mrefu, anayetema moto na moshi, atakayetoka kwenye maji ya mashariki na kufika kwenye maji ya magharibi. Alisema watakuja watu wa rangi ya nyama, wanaosema kwa sauti kama za ndege, wanaobeba moto mifukoni. Wazee huyafafanua hivi: nyoka ni reli, watu ni Wazungu, moto wa mfukoni ni kiberiti. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, mkia wa nyoka ulikuwa baharini na kichwa kimegusa ziwa.

Watu wengi humsoma Syokimau kama swali la imani tu: alijua au hakujua. Mimi namsoma pia kama msanii. Alikuwa na kitu machoni mwa roho yake ambacho lugha yake haikuwa na jina lake. Hakubuni neno jipya. Alichukua kiumbe ambacho kila mama aliyekwenda mtoni alikiogopa, akakirefusha, akakitia moto tumboni. Verne alichukua tembo. Wells alichukua kigoda. Nagai alichukua gari lililokwama. Ni ufundi mmoja: kitu kigeni kinavalishwa mwili wa kitu cha nyumbani, na hapo ndipo kinapotisha, kwa sababu nusu yake tunaifahamu.

Syokimau alifanya hivyo bila karatasi na bila wino, na neno lake lipo hadi leo. Lipo hata kwenye ramani. Stesheni ya treni za abiria iliyofunguliwa Novemba 2012 kusini mashariki ya Nairobi inaitwa Syokimau, na reli mpya ya Mombasa iliyozinduliwa Mei 2017 ina kituo chake kikuu cha Nairobi hapohapo Syokimau. Reli hiyo ikishuka kuelekea pwani, ina stesheni Emali, Kibwezi na Mtito Andei, zote tatu ndani ya kaunti ya Makueni.

Je, wajua kwamba mwana wa Kitui ndiye aliyewafundisha wanafalsafa wa dunia maneno Sasa na Zamani?

John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliandika kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una sehemu mbili, akaziita kwa Kiswahili: Sasa, yaani tunayoyaishi na yale ya karibu, na Zamani, bahari kuu ambamo kila tukio hatimaye huzama. Wakati ujao wa mbali, alisema, karibu haupo. Alitoa ushahidi wa vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akaonyesha kwamba njeo zao za wakati ujao hazifiki mbali. Wasomi wengine wa Kiafrika walimpinga vikali, na mabishano hayo yaliendelea hata baada ya kifo chake mwaka 2019.

Mimi nina sababu mbili za kumleta hapa. Kwanza, Syokimau wa watu walewale anaonekana kumjibu, maana utabiri wake ulivuka miaka mingi. Pili, Mbiti alituachia kipimo kizuri cha kuuelewa mtindo huu wa gemu. Kesho ya zamani ni wakati ujao uliokwisha kuingia Zamani bila kupita Sasa: mambo ambayo watu waliyatarajia, hayakutokea, lakini bado yanakumbukwa. Mashine za miguu mitatu hazikuja, na puto la Fergusson halikupaa. Hata hivyo tunazikumbuka kama mtu anavyomkumbuka ndugu aliyekwenda safari asirudi.

Je, wajua kwamba vita vya kwanza vya dunia vilituma Afrika Mashariki mashine zinazoshinda gemu?

Msanii wa Kipolandi Jakub Różalski alijulikana kwa picha zinazoonyesha wakulima wakivuna, farasi, mbwa, ukungu wa asubuhi, na nyuma yao majitu ya chuma yakipita. Aliiweka dunia hiyo katika miaka ya 1920, akichochewa na vita vya Poland na Wasovieti vya 1919 hadi 1921. Kutokana na picha zake ukatoka mchezo wa mezani wa Scythe mwaka 2016, kisha Septemba 2020 gemu ya mkakati Iron Harvest, iliyotengenezwa na kampuni ya King Art ya Bremen, Ujerumani. Uzuri wa picha zile uko kwa wakulima. Hawakimbii. Wana mavuno ya kumaliza.

Sasa tazama yaliyotokea kwetu kweli. Novemba 1917, ndege kubwa ya gesi ya Wajerumani iitwayo L59 iliondoka Bulgaria ikibeba dawa na risasi za jeshi lao, chini ya Lettow-Vorbeck, lililokuwa likipigana Afrika Mashariki. Haikutarajiwa kurudi. Ngozi yake ilikusudiwa kushonwa mahema, na mifupa yake itumike kwa ujenzi. Ilifika karibu na Khartoum, ikaitwa irudi, na ilipotua ilikuwa imekaa angani saa 95 na kwenda zaidi ya kilomita 6,700.

Au meli Graf von Goetzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikafungwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikaunganishwa tena ikiwa meli ya vita ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa, lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilibeba abiria, dagaa na magunia kwa miongo mingi baadaye. Fundi aliyepaka grisi kwa mikono yake, akiilinda mashine ambayo alikuwa akiizamisha, ni mhusika anayestahili gemu yake peke yake.

Tusisahau waliobeba mizigo ya vita hivyo kwa vichwa. Mtaa wa Kariokor, Nairobi, ni jina la kikosi cha wapagazi hao katika matamshi yetu, na Wakamba walikuwa miongoni mwao. Mkamba mmoja aliyekwenda Tanganyika wakati wa vita, Mutisya Munge wa Wamunyu, alirudi na ufundi wa kuchonga vinyago, na kutoka kwake ikasambaa kazi ya uchongaji ambayo leo Wakamba wanajulikana kwayo duniani.

Je, wajua kwamba Kenya imekwisha kuwa na majitu yake?

Mwaka 2011 Andrew Kaggia, fundi wa katuni za kompyuta, alitoa filamu fupi Wageuzi. Wanasiasa wakubwa waliotazamiwa kuwania urais wanakuwa magari, magari yanageuka roboti, na roboti zinapigana Nairobi. Chanzo chake kinajulikana, ni vitu vya kuchezea vya Transformers vya mwaka 1984, ambavyo navyo vilitokana na vya Japani. Lakini jina alilolichagua lina utamu wa kwetu. Mgeuzi ni mtu anayegeuza kitu, si anayegeuka mwenyewe tu. Kwa wanasiasa, neno hilo linabeba maana mbili bila kuongezwa herufi.

Kaggia na kampuni yake ya Black Division Games walitoa gemu ya Nairobi X mwaka 2015, ambamo wageni kutoka sayari nyingine wanauvamia mji na mwanajeshi Mkenya anaulinda. Swali la Wells, safari hii likiulizwa na wale waliokwisha kuvamiwa.

Kabla yake kulikuwa na Pumzi, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009 yenye dakika kama 20, iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Vita vya maji vimekwisha, watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa, hata jasho hukusanywa na kunywewa. Kuitengeneza, Kahiu alizichunguza filamu za miaka ya 1950, zile ambazo mandhari yake ilichorwa kwa mkono kwenye kioo, akaiga mbinu zao. Hiyo ndiyo kesho ya zamani hasa. Na mtu wa Kyuso au Tseikuru, ambaye amewahi kufukua mchanga wa mto mkavu kwa kata ili apate ndoo moja ya maji, haoni filamu ile kuwa ya dunia ya mbali.

Je, wajua kwamba hadithi zetu za usiku zina jitu lililobeba watu ndani?

Kwa Kikamba linaitwa eimu, ndugu wa zimwi la Waswahili. Mtafiti wa Uswidi, Gerhard Lindblom, alizikusanya hadithi zake mwanzoni mwa karne iliyopita, na Mbiti akachapisha mkusanyiko wake mwaka 1966. Eimu hubadili umbo. Hula watu na mifugo, kijiji baada ya kijiji. Katika nyingi ya hadithi hizo, linapouawa, kidole chake kidogo hukatwa, na wote waliomezwa hutoka wakiwa hai, watu, ng'ombe na mbuzi, wanarudi kwao. Bibi yetu alipofika hapo alishusha sauti, nasi tuliificha mikono chini ya blanketi.

Jitu lenye umati tumboni, lenye sehemu moja ndogo ambayo ukiipiga linafunguka: mtu aliyecheza gemu za meka anajua kwamba adui mkubwa wa mwisho huwa hivyohivyo. Unazunguka, unatafuta mahali padogo panapong'aa. Sisi mahali hapo tulikuwa tumekwisha kuonyeshwa.

Je, wajua kwamba shule ya kwanza ya uhandisi wa meka iko vichochoroni mwetu?

Utotoni tulitengeneza malori. Mwili ni kopo la mafuta ya kupikia lililopasuliwa na kunyooshwa kwa jiwe. Magurudumu ni kandambili zilizokufa, zilizokatwa duara kwa kisu kilichopashwa moto. Ekseli ni waya wa ua, usukani ni waya mrefu uliopinda unaofika kifuani, ili uendeshe ukiwa umesimama. Mwenye subira alitia springi kwa mpira wa tyubu, na lori lake liliinama kwenye kona kama lori la kweli la Garissa linalopita Mwingi usiku. Mashine yenye usukani mrefu na dereva anayetembea nayo, mwili mmoja naye: sijui ni nini kilichopungua.

Nairobi, Cyrus Kabiru amefikisha mawazo ya namna hiyo kwenye majumba ya sanaa kwa miwani yake ya waya na takataka, inayomfanya aliyeivaa aonekane ametoka karne nyingine, na Kioko Mwitiki ameunda tembo wakubwa kwa vyuma chakavu. Tembo wa chuma, tena. Nami nikiutazama mwatu, mzinga wa gogo uliotundikwa juu ya mbuyu, na nyuki wakiingia na kutoka kwenye tundu lake, naona kifua cha jitu ambalo bado halijapata miguu. Kijana wa hapa anayejifunza kuchora kwa kompyuta asianze na roboti za Tokyo. Aanze na huo mwatu.

Na kama unataka kuona meka kwa macho yako, nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi, karibu na stesheni ya zamani. Uliza garimoshi namba 5918, Mount Gelai. Ni moja kati ya 34 za aina yake zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ina uzito wa tani 250 hivi na urefu wa zaidi ya mita 30. Birika lake kubwa limening'inizwa kati ya injini mbili zinazopinda kila moja kivyake, kama kiuno kati ya miguu, ili mashine nzima iweze kukunja kona. Zilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu usiku na mchana, zikivuta mizigo kutoka baharini. Mchukue mtoto, mpandishe kwenye kibanda cha dereva, umwache ashike chuma kile kwa mikono yake.